Mwili wa Amani

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya mpakani pale Rusizi, na karatasi ya kuvukia mkononi, nilimwona mwewe akipita juu yetu kwenda Bukavu bila kuulizwa na mtu. Nikacheka peke yangu.

Nilikumbuka nilipokuwa msichana mdogo, tumerudi kwetu kutoka Congo karibuni. Mdogo wangu Amani alifia njiani tulipokimbia vita, akazikwa hukohuko, na Maman hakuwa akilitaja jina lake. Alasiri moja, katika kanisa la Kamembe lililonuka nta na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walioanikwa jirani, mwalimu wa katekisimu alitufundisha kwamba Mungu aliumba miili ya kila namna: ya samaki, ya ndege, ya watu, na kwamba wafu watafufuka na miili. Mimi nikaelewa kwamba kila mtu atajichagulia wake.

Nilikimbia hadi nyumbani. Maman alikuwa akichambua maharage.

"Maman, tuombe Amani achague mwili wa ndege! Atauruka mpaka, hawatamuomba karatasi!"

Mikono yake ilisimama. Nilidhani atanipiga. Kumbe alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Hapana, mutoto wangu. Ndege atabakia ndege. Amani atafufuka na mwili yake mwenyewe."

"Na tutamujua namna gani?"

Akauvuta mguu wangu, akakishika kidole cha mwisho kilichokipanda kile cha jirani.

"Yake ilikuwa hivi hivi," akasema. Na tangu hapo hadi jua likazama, alinisimulia habari za Amani.