Kisigino cha Kulia

Shangazi yangu ameshona sare za shule miaka thelathini na minane, kwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Jumatatu ile alikuwa na siku ya tatu akimeza vidonge vya kuhara alivyopewa na jirani, masalio ya pakiti yake. Kila kidonge kilikuwa na dawa mbili ndani: moja ya bakteria, nyingine ya amiba.

Kanyagio likamwia zito. Akainama akalitia mafuta. Jioni akalitia tena. Jumanne akalegeza mkanda wa gurudumu huku akiisema cherehani, "Bibi kizee wewe, leo unaniringia?"

Nikakaa, nikakanyaga. Jepesi kabisa.

"Shangazi, mashine haina kitu."

"Basi mwenye kitu ni mimi?" Alicheka, akashika kisigino cha kulia kwa nyuma, kicheko kikamkatika. Palikuwa pamevimba, pana moto.

"Nenda kaninunulie dawa ya kuchua. Utanikanda."

Dukani, mfamasia alikwisha kuitoa kwenye rafu alipouliza, "Anatumia dawa gani sasa hivi?"

Nikamwonyesha kipande cha pakiti ya vile vidonge, nilichokuwa nacho mfukoni.

"Umri?"

"Sitini na mbili."

"Na nyingine?"

"Prednisoloni. Ana pumu."

Akairudisha ile dawa ya kuchua rafuni. "Mdogo wangu, asimeze tena hivi. Hiyo ya pumu asiiache. Asikandwe, asiukanyagie mguu huo. Hii dawa ya bakteria huweza kudhuru kano la kisigino, likakatika, na umri wake na hiyo prednisoloni vinazidisha hatari. Mpeleke kwa daktari sasa hivi."

Nilikimbia. Mlangoni sikubisha hodi, maana angeinuka kunifungulia. Nilizungukia dirishani nikamwita kwa sauti ya chini, "Shangazi, usisimame."

"Kuna nini?"

"Usisimame tu."

Kwenye kituo cha afya, daktari alimlaza kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda. "Naminya misuli ya mguu. Wayo ukicheza, kano halijakatika."

Akaminya wa kushoto. Ukacheza. Akahamia wa kulia. Shangazi alijifunika uso kwa mtandio.

"Umecheza?"

Daktari aliminya tena, taratibu.

"Umecheza, Shangazi."

"Usinidanganye, mwanangu."

"Haki ya Mungu, umecheza."

Daktari alimbadilishia dawa ya tumbo, akaandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu asipewe tena vile vidonge vya mwanzo. Kukanyaga cherehani, marufuku mpaka atakapomruhusu. "Kano limeumia," alisema. "Hata sasa linaweza kukatika."

Siku hizi nakanyaga mimi, yeye ameketi ubavuni anaongoza kitambaa. Pindo zetu zinakwenda upogo na wateja wanaguna. Kanyagio, kwa mafuta yale yote, halitoi hata mlio. Lakini nikiongeza mwendo kidogo tu, Shangazi huachia kitambaa, akainama na kukishika kisigino chake kwa mikono miwili.