Hodi ya Mchungaji wa Kikosi

Mdogo wangu alikuwa mwoga tangu utotoni, na sisemi hivyo kwa kumtukana. Kuku akipiga kelele uani, yeye yuko uvunguni mwa kitanda. Aliposomea uchungaji tulishukuru. Aliposema anaingia jeshini kuwa mchungaji wa kikosi, baba alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Si watakubeba mgongoni."

Basi vita vilipoanza, ni yeye aliyewabeba wenzake. Bunduki hana, ana kitabu cha sala na chupa ya maji, anatambaa hadi kwa majeruhi huku meno yanagongana. Aliniambia mwenyewe kwamba hofu haikumtoka hata siku moja. Aliizoea tu, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Mwaka wa pili wakamrudisha mjini, akapewa kazi mbaya zaidi: kupeleka taarifa za vifo. Alikuwa na utaratibu wake. Habari haisemwi barabarani wala mlangoni. Mzazi akae kwanza, atajiwe jina, aambiwe "amefariki," bila mafumbo, maana ukizungukazunguka mtu atashika tumaini la uongo. Matokeo yake mtaa ukamkimbia. Wakiona magwanda na ile kola nyeupe, wanafunga madirisha. Watu waliomjua tangu anatambaa, jamani, wakambandika jina la Bundi.

Mimi nilikuwa na mwanangu kule vitani. Mmoja tu. Alikuwa kikosi kimoja na kijana wa jirani yangu msusi, wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tuliwalea pamoja hao.

Asubuhi moja niko kwenye cherehani, napinda sketi ya shule, nikamwona mdogo wangu anakuja kwa miguu. Gari la jeshi limesimama kwenye kona, ofisa ndani. Nikafunga mlango, nikausukumia meza.

"Hodi, dada."

"Leo sina karibu."

"Dada, fungua."

"Rudi ulikotoka. Utaniambia nikae, na mimi sikai."

Machozi yananitoka bila ruhusa. Nikawaza: maadamu hajasema, mwanangu yu hai. Basi tubaki hivi hivi, hata mwaka mzima.

Halafu akavunja utaratibu wake mwenyewe, akasemea palepale mlangoni: "Si wako. Ni wa msusi. Naogopa kwenda, dada. Nisindikize."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikacheka kwa sauti. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga hawakukosea. Kisha nikafungua na kumtukana: mjinga mkubwa, unakujaje kwangu na nguo hizo? Naye analia. Hakuwa amefikiria hilo kabisa. Alikuja kwa dada yake tu, kama zamani akiogopa.

Nikanawa uso, tukatoka. Nyumba tatu tu, lakini zilinishinda urefu.

Msusi alikuwa kibarazani, anamsuka mteja. Akatuona: mimi macho yamevimba, mchungaji kanishika mkono. Kitana kikamdondoka. Akaja mbio, akanikumbatia.

"Pole, jirani yangu," akasema, analia. "Pole sana, mama. Niko nawe, hutakuwa peke yako."

Nikamkumbatia na mimi, kwa nguvu.

"Mchungaji," akamwambia mdogo wangu, "mshike upande huo asije akaanguka. Tumwingize kwangu."

Tukamwacha atuingize.