Bamia, Viazi Vitamu na Vitambaa vya Marekani

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani kwetu Kariakoo, hatua chache kutoka sokoni. Alikuwa mtu wa kula. Sahani yake ya jioni ilibeba muhogo wa nazi, viazi vitamu na ndizi mbichi kwa pamoja, na mchicha kidogo pembeni ili nisiseme hakula mboga.

Basi akaanza kuamka koo limemkauka, anamaliza mtungi wa maji kabla ya adhuhuri. Nikampeleka kwa daktari, mzee wa Kihindi aliyekuwa na zahanati njia ya Upanga. Akampima, akasema ni kisukari.

“Kila mlo, chagua kitu kimoja tu chenye wanga,” daktari akamwambia. “Sahani iliyobaki jaza mboga. Bamia, mchicha, biringanya, matango.”

“Wanga mimi natia kwenye kola za mashati, daktari. Siuli.”

“Unaula kila siku, fundi. Muhogo, viazi, magimbi, ndizi mbichi, vyote hivyo ni wanga.”

Njiani alitembea ameinamisha kichwa. Nikadhani ameogopa, kumbe anapiga hesabu zake.

Kesho yake nilitoka kununua samaki. Niliporudi nikakuta jiko la mkaa linawaka, na masufuria yangu yote yametumika. Mume wangu alikuwa amechemsha muhogo, bamia na viazi vitamu, kila kimoja mbali, akachovya vitambaa vya marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, kwenye maji yake na kuvianika kwenye kamba ya barazani. Majirani walikuwa wameshakusanyika.

“Chenye wanga kitakakamaza kitambaa,” aliniambia, uso mkavu kabisa. “Kazi yangu hii, mke wangu. Huwezi kunidanganya.”

Jua lilipovikausha, akavishika kimoja kimoja. Cha muhogo kilikuwa kigumu. Hilo alikubali, ingawa kwa shida. Cha bamia nacho kilikuwa kigumu kama ubao. Cha viazi vitamu kilikuwa laini.

“Umeona? Bamia ndiyo mbaya. Kiazi kitamu hakina kosa lolote.”

Mchana ule alikula viazi vitamu vitano mbele yangu, taratibu, kwa haki kabisa. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini moyoni niliogopa. Nikavikunja vile vitambaa kwenye khanga, nikampeleka tena kwa daktari.

Daktari alivipapasa vyote, akavua miwani na kujifuta macho.

“Bamia ina utelezi, fundi, na utelezi ukikauka unakakamaa. Huo si wanga. Na hivi viazi, ulivimenya kabla ya kuvichemsha?”

Mume wangu akatazama dari.

“Ulivimenya?” nikamuuliza mimi.

“Vilikuwa na maganda,” akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo tangu anioe.

Wanga wote ulikuwa umebaki ndani ya kiazi, naye fundi wa kola alilijua hilo vizuri kuliko sisi sote.

Daktari hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba hakumkataza kiazi. Alimtaka achague, kiazi au muhogo, na asivioanishe. Nadhani neno lile la kuchagua ndilo lililomshika, maana fundi hapendi kuchaguliwa kitambaa. Tangu siku hiyo alikuwa akifunika cherehani asubuhi na kwenda sokoni mwenyewe. Bamia na mchicha alitia kapuni bila kuvitazama. Lakini kwenye mafungu ya magimbi na muhogo alisimama muda mrefu, anashika hili, anaacha, anarudia lile.

“Kaka, unachagua mchumba?” mama muuzaji akamwuliza siku moja.

“Mchumba ningeshamaliza, dada,” akajibu. “Hiki nitakachochagua ndicho pekee mpaka kesho.”

Kiu ile ilipungua, na mtungi ukaanza kufika jioni ukiwa na maji.