Mlango Unaomwinamia Ngassa

Tanuru la matofali lilikuwa likitoa moshi wa mavi makavu ya ng'ombe na vijiti vya pamba, na kiangazi kile kijiji chetu kizima, pale jirani na Bariadi, kilinuka hivyo: nguo, uji, hata nywele za bibi. Nilikuwa darasa la pili. Kazi yetu wasichana ilikuwa kuteka maji ya kukandia udongo wa kanisa jipya, yaani kubabuliwa na jua kwa utukufu wa Mungu. Padri alikuwa ametuletea picha ya kanisa dogo la shambani kwao Ulaya, lenye madirisha membamba na mlango uliochongoka juu kama viganja viwili vinavyosali. Akatueleza kwa Kisukuma chake, ambacho kilituchekesha hata alipotaja jehanamu, kwamba ncha ile huyainua macho ya mtu yakaangalia mbinguni. Wazee wakaipokezana picha, wakaguna. Baba yangu akasema, "Padri, huu si mlango wa Ulaya. Huu ni mlango uliovaa paa la msonge." Watu wakacheka, na tangu siku ile kanisa likawa letu.

Baba, Masanja, alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo wa kundi moja la ngoma. Kundi la pili liliongozwa na Ngassa, kaka yake mama. Kwetu shamba kubwa hulimwa kwa ngoma: kundi moja huanzia upande huu, jingine upande ule, majembe yanafuata mdundo, na wanaotangulia kufika katikati hupata haki ya kuwaimba wenzao mpaka msimu mwingine. Basi kuta zilipofika juu ya mlango, wazee wakaona jambo liko wazi kabisa: upande wa kushoto wa tao ni wa Masanja, wa kulia ni wa Ngassa. Fundi, mtu wa Mwanza mwenye kofia aliyoivua mbele ya padri na mbele ya ugali tu, alikuwa amesimamisha kiunzi cha mbao chenye umbo la tao, ili matofali yakilalie mpaka yashikane. Akawaambia wapande pamoja, tofali kwa tofali. Kisha akaenda mtoni kuoga. Alipopotea tu kwenye vichaka, ngoma ikalia.

Lo, nilipiga vigelegele mpaka ndoo ikamwagika! Upande wa baba ulipaa. Watu wake walikuwa wanakaribia ncha huku wa mjomba wakiwa bado mabegani mwa tao, wanatukana na kurushiana udongo. Ndipo kiunzi kikalia kwaa, kikaelemewa, na ncha ikainama upande wa mjomba. Ngoma ikanyamaza. Fundi akaja mbio, sabuni ingali masikioni.

"Nani kawaambia ukuta ni shamba?" akafoka. "Mmeutwisha mzigo bega moja! Bomoeni!"

Lakini mawingu yalikwisha anza kujikusanya upande wa ziwani. Mvua ya kwanza ikinyesha, hakuna mtu angebaki kujenga. Wote wangekimbilia pamba na mahindi. Tope lililoshika matofali yale, bila paa, lingeyeyuka kama sukari. Na mjomba, ambaye hakuwa na huruma hata ya dawa, alikwisha tunga wimbo: *Mlango wa Masanja unamwinamia Ngassa.* Watoto waliuimba hadi kisimani. Kanisa likifa, wimbo ule ndio ungekuwa jina la baba. Jioni hiyo hakugusa ugali, na baba kwa ugali hakuwa na mzaha.

Asubuhi akanichukua hadi kwa mjomba.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Umekuja kujifunza wimbo?"

"Nimekuja kukuomba umalize upande wako. Watu wangu watakishikilia kiunzi."

"Nikusaidie mlango, halafu nikuimbe nini?"

"Utaniimba tu, nakujua. Lakini niimbie ndani, penye paa."

Mjomba akanitazama mimi, akamtazama baba, akainua jembe lake na kuliweka kando. Fundi alinung'unika, lakini akakubali kujaribu. Kundi la baba likaegemeza magogo na mabega kwenye kiunzi, huku kundi la mjomba likipanda polepole, bila ngoma. Sijaona tena makundi yale yakifanya kazi kimya. Tofali la mwisho fundi alilichonga kama jino, na mashemeji wawili wakalisukuma mahali pake kwa viganja vyao.

Udongo ulipokauka, siku ya kutoa kiunzi ikafika. "Aliyejenga asimame chini," fundi akasema, nadhani kwa utani. Baba akaenda akasimama chini kweli. Mama akashika kichwa. Mjomba akatema mate, akamfuata.

"Toka, una watoto," baba akamwambia.

"Ukifa wewe, nitamwimba nani?"

Fundi akagonga kabari. Mbao zikashuka. Vumbi kidogo likamwagikia kipara cha baba, na tao likakaa.

Sasa niko shule ya bweni, darasa la saba, ambako milango yote ni mraba kama masanduku ya sabuni. Juzi mwalimu wa hesabu alichora tao kwa bikari, akasema pande zisipolingana haliwezi kusimama. Nikanyoosha mkono: "Lipo, mwalimu. Baba na mjomba walisimama chini yake." Akanitoa nje. Nikasimama mlangoni kipindi kizima, na juu hapakuwa na kitu cha kutazama. Kwetu hata walevi wakiingia kanisani huinua macho. Mvua nyingi zimeshapiga ile ncha, na bado imeinama upande uleule. Kila Krismasi, padri akishaondoka, mjomba huanzisha wimbo wake mlangoni pale, na anayeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni baba.