Lililoandikwa kwenye Kopo

Binti yangu wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake, mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika miezi ile ambayo ukungu wa Ngorongoro hushuka mpaka kwetu Rhotia na kukaa hadi saa nne asubuhi. Nilipasuliwa katika hospitali ya misheni. Mtoto alikuwa mdogo kiasi kwamba mume wangu, aliyekuwa dereva wa lori la shamba moja la ngano, aliogopa kumshika kwa mikono yake yenye grisi hata baada ya kuinawa mara mbili.

Hakuweza kunyonya. Akishika titi kidogo anachoka, analala. Muuguzi mmoja mtu mzima, mpole lakini asiyependa kurudia maneno, alinifundisha kukamua maziwa kwenye kikombe na kumnywesha mtoto kwa kijiko. Maziwa yangu hayakutosha, basi siku ya kuondoka akaniambia niongeze ya kopo. Alieleza vizuri kabisa. Kwanza mtoto apewe yale niliyokamua. Akimaliza na bado ana njaa, ndipo yakorogwe ya kopo kwa maji yaliyochemshwa, katika kikombe kingine, kwa kipimo kilichomo ndani ya kopo, unga ukiwa sawa na ukingo. Nilimjibu kwamba nimeelewa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiwafundisha watoto wa darasa la tatu vipimo. Nilikuwa nimeelewa kweli.

Ulikuwa wakati wa shida ya bidhaa. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na maziwa ya kopo hayakuonekana Karatu kwa wiki kadhaa. Mume wangu alipopeleka ngano Arusha alizunguka siku nzima, akarudi na makopo mawili ameyafunga ndani ya koti lake.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Mbulumbulu kunitunza, kwa sababu kidonda cha upasuaji kilikataa kufunga na sikuruhusiwa kuinama wala kubeba ndoo. Alikuja kwa miguu, na mzigo wa mahindi mgongoni. Mimi ni mtu wa Singida, yeye ni Mwiraqw wa kizazi cha zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kichache, amekipata ukubwani. Miaka michache nyuma alikuwa amesoma katika madarasa ya watu wazima, jioni, kwenye jengo la kanisa. Alijua kuandika jina lake, na alikuwa akiliandika kwa kijiti kwenye majivu akisubiri maji yachemke. Mimi hakuniita mkwe wala mama fulani. Aliniita mwalimu, hata mbele ya wageni, na nilikuwa nalipenda hilo.

Tukagawana kazi. Mimi nalala kitandani, nakamua. Yeye anachukua kikombe, anakwenda nacho jikoni, nyumba ndogo ya udongo nyuma ya yetu, anamnywesha mtoto karibu na moto. Siku tatu za kwanza tulifuata maneno ya muuguzi.

Siku ya nne niliyatazama maziwa yangu kwa muda mrefu. Yalikuwa mepesi, yana rangi kama ya maji yaliyosuuzia chombo. Kando yake ule unga wa kopo ulionekana mweupe, mzito, chakula cha watoto wanaonenepa. Mtoto wangu alikuwa na miguu myembamba kama vidole vyangu. Niliona haya, sijui niseme vipi, niliuonea haya mwili wangu. Nikawaza, maji ya kukorogea unga yana kazi gani? Kwa nini nisiuweke unga ndani ya maziwa yangu yenyewe, yapate nguvu?

Nikamwita mama mkwe. Nikamwambia kuanzia leo asikoroge kwa maji. Achukue maziwa niliyokamua, atie humo humo unga, kipimo kimoja kilichojaa mpaka kiwe na kilima, akoroge, ampe.

Alisimama na kopo mkononi. Akauliza, na maji je? Nikamwambia hayahitajiki. Akafikiri, halafu akasema kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, "Mwalimu, ndama akinywa nzito sana, anaumwa. Anataka maji."

Nilikuwa na maumivu, nilikuwa na usingizi, na sikutaka kufundishwa kwa mfano wa ndama. Hayo yote ni kweli, na hayanisaidii. Nikamjibu kwa sauti yangu ya darasani, "Mama, imeandikwa kwenye kopo."

Haikuwa imeandikwa. Yaliyoandikwa ni maneno ya Kiingereza, na niliyasoma nikayajua, yakisema maji. Yeye akaligeuza kopo, akayaangalia yale maandishi kwa makini, kama mtu anayesalimiana na mkubwa wake, akasema sawa.

Mtoto alikunywa. Siku ya kwanza alilala kuliko kawaida tukafurahi. Siku ya pili akaanza kulia kilio kikavu, kisichokwisha akipewa maziwa, maana alikuwa na kiu na sisi tunampa kile kile. Vitambaa vyake vilikaa bila kulowa. Mama mkwe aliniletea kimoja, akanionyesha kwamba ni kikavu tangu asubuhi. Siku ya tatu midomo ilikuwa imekauka na utosi umebonyea. Mume wangu aliomba lori kwa msimamizi wa shamba, tukaenda hospitali sote watatu tumebanana mbele, mtoto akiwa kifuani kwa bibi yake, kwa sababu mimi kila shimo la barabara lilinipasua tumbo.

Muuguzi alikuwa yule yule. Daktari alipomaliza kumwekea mtoto dripu, muuguzi alitupeleka ukumbini akauliza mtoto analishwa nini. Nikamweleza, maziwa yangu na ya kopo. Akauliza yanachanganywaje. Mama mkwe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifanya, akaeleza yeye: maziwa ya mama, unga, kijiko kimejaa, anakoroga.

"Maji hutii?" muuguzi akauliza.

"Situ maji," akasema, akikosea neno kama kawaida yake.

Muuguzi akanigeukia mimi. "Nani anachanganya maziwa nyumbani?"

Nikasema, "Bibi yake."

Ni maneno mawili, na yote mawili yalikuwa ya kweli. Mume wangu alikuwa amesimama pale, anamtazama mama yake. Muuguzi akalichukua kopo kutoka kwenye kikapu chetu, akaweka kidole kwenye maandishi, akasema kwa sauti ambayo wagonjwa kwenye benchi waliisikia, "Bibi, hapa imeandikwa maji. Unga wote huu bila maji unamkausha mtoto. Ulikuwa unamuua. Kama hujui kusoma, si umuulize mwalimu hapa?"

Nilingoja aseme. Nilikuwa tayari kabisa kuaibika, nadhani, kama angesema. Mama mkwe alinitazama, si kwa muda mrefu. Halafu akainamisha kichwa akasema, "Sijui kusoma vizuri. Kosa langu."

Mpaka leo sijui kama alinificha mbele ya mwanawe, au kama aliamini kwamba masikio yake ndiyo yaliyosikia vibaya, kwamba mimi nilisema jambo moja na yeye, kwa Kiswahili chake, akafahamu lingine. Nimeshayawaza yote mawili na la pili linaniuma zaidi.

Mtoto alipona. Tulikaa wodini siku kumi na moja, mama mkwe akilala chini kwenye mkeka, akifua vitambaa kwa maji ya baridi. Kwenye kikombe hakugusa tena. Wakati wa kulisha ukifika alitoka nje. Tuliporudi Rhotia alikaa siku mbili, akatuaga, akarudi Mbulumbulu. Baadaye wifi yangu alinieleza kwamba ameacha kwenda darasani. Alisema herufi zinamchanganya.

Nilipata watoto wengine wawili. Kila mara alikuja kuona, akaleta mahindi na siagi, akamshika mtoto na kumwombea kwa lugha yake. Nikimpa chakula amlishe, anamwita mtu mwingine afanye. Mwaka mmoja, wakati wa kuvuna ngano, nilikwenda kwake peke yangu makusudi nimwambie. Tulikaa tukipepeta maharage mchana mzima. Nilianza, "Mama, kuhusu yale maziwa," na yeye akasema upesi, "Mtoto ni mzima. Mungu alisaidia." Nikashukuru kwamba amenikatiza. Nikapanda mlima kurudi nyumbani nikijiambia kwamba nilijaribu.

Alifariki kabla miaka ya themanini haijaisha, kwa ugonjwa wa kifua. Wiki mbili baada ya msiba nilimwambia mume wangu yote, kopo, maandishi, lile jibu langu pale ukumbini. Alikuwa anarekebisha mpini wa jembe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama mama yake alikuwa akijua kwamba nilimdanganya. Nikasema sijui.

"Mimi nilimgombeza," akasema. "Nje ya wodi, jioni ile ile. Nilimwambia asiguse tena chakula cha mtoto wangu."

Hilo sikuwa nalijua. Miaka yote hiyo nilidhani aliacha mwenyewe. Mume wangu hakunilaumu, wala hakuinua sauti. Asubuhi yake alikwenda Mbulumbulu, akakaa kule siku nne, na aliporudi hakuniambia alikuwa akifanya nini, nami sikuwa na uso wa kumuuliza.