Nywele za Mzee Fanuel

Mwaka ule baada ya ukame wa themanini na nne, Mzee Fanuel wa Maungu alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumwokotea mtafiti, Daktari Mutindi, mifupa ya ndovu waliokufa porini. Ya pili ilikuwa kuwasema watu. Hii hakulipwa, lakini aliifanya kwa bidii zaidi. Ni yeye, mzee wa kanisa, aliyefanya jirani yake Kituku asimamishwe kushiriki meza ya Bwana kwa kula nyama ya porini. Mnafiki kimya anavumilika. Mwenye kelele anachosha.

Kambini alisikia kwamba mfupa hutunza habari za chakula. Ukipimwa maabara, hujulikana kama ndovu aliishi kwa nyasi au kwa miti, na pori lilivyogeuka. Fanuel alishika nusu, nusu akajipikia mwenyewe. Akatangaza sokoni, "Iko mashine inajua kila ulichokula. Tubuni."

Kisha Daktari akaomba nywele za wafanyakazi, azilinganishe na mifupa. Fanuel akatoka jasho, kwa maana hakuna digidigi, yule paa mdogo wa vichakani, aliyepita nyuma ya nyumba yake akaukwepa mtego wake. Nywele zikisema, kazi imekwenda, na uzee wa kanisa nao.

Basi mtu huyu aliyewakemea wenzake kwa kuficha nywele wasirogwe, akanyoa kichwa, ndevu, hata nyusi, akatupa zote chooni.

"Umefiwa, mzee?" akamwuliza Maundu, askari wa wanyamapori, walipokutana kambini wakinywa chai.

"Chawa."

"Mpaka kwa nyusi?"

Daktari Mutindi akacheka. "Pole, mzee. Kama uliogopa mashine, ningeona ugali tu. Mahindi ni jamaa ya nyasi, yanaacha alama yake kwa nywele. Mashine haijui jina la mnyama. Inajua nyasi na miti."

Furaha ikamfungua Fanuel mdomo kabla akili haijaamka. "Kwa hivyo digidigi na mbuzi haiwezi kutenganisha?"

"Haiwezi. Wote wanakula vichaka."

"Bwana asifiwe," akasema Fanuel.

Maundu akaweka kikombe chini. "Mashine haiwezi, lakini mitego mimi naijua. Tangulia nyumbani, mzee."

Njia nzima Fanuel alieleza kwamba aliuliza kwa ajili ya elimu, na walipofika barabara kuu, Maungu ilikwisha kujua kwamba kanisa linatafuta mzee mwingine.