Kiwanda cha Nyanya

Fundi aliniuliza gereji yangu iwe na upana gani, nami nikalala chini. Nililala chali mchangani na buibui langu, mikono ubavuni, nikamwambia, "Gari linaishia hapa bega langu lilipo. Sasa piga mstari ninapoishia mimi." Kijana akacheka, akidhani natania. Sikuwa natania. Nyuma ya nyumba yangu hapa Ganjoni nina kiwanja, na nimetaka mahali pa kufanyia magari yangu mwenyewe, yale ya zamani ninayonunua kwa kupenda tu. Gereji za wateja ninazo, na hakuna aliyenipa. Shule niliachia darasa la sita. Gazeti nalisoma polepole, lakini washa injini mbele yangu nikwambie ina nini kabla hujafungua boneti. Nasema mapema, usije ukadhani haya nimeyatoa kitabuni. Kupima gereji nilifundishwa nikiwa na miaka kumi, Mji wa Kale, katika kiwanda cha nyanyangu.

Hilo neno ndilo lililotuponza. Wewe ukisikia kiwanda unawaza mashine na mabomba ya moshi. Kwetu, katika nyumba zile za mawe, kiwanda ni uwanja mdogo ulio wazi ndani ya nyumba, jua likiingia kwa juu. Ndimo kisima kilimo, ndimo nguo zinamoanikwa. Cha Nyanya kilikuwa na mlango wa nyuma uliotokea kichochoroni. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Adhana ya alfajiri ikimkuta ameshakanda unga, naye ameketi juu ya mbuzi, kile kibao cha kukunia nazi chenye ulimi wa chuma, magoti ameyatanua, nazi inazunguka mikononi kama usukani. Nyanya alikuwa mtu wa mwili. Akiketi, ameketi. Mimi niliamshwa na iliki. Mahamri yalikuwa yakifura ndani ya karai, mbaazi za nazi zikitokota pembeni, na wateja wa kwenda kazini wamekwisha kupanga mabakuli mlangoni. Nyumba ile yote ilisimama juu ya karai lile.

Baba hakuwa wa Mji wa Kale. Kwao bara kidogo, upande wa Kaloleni. Alisilimu, akaoa kwetu, akaja kukaa nyumbani kwa mama mkwe wake, jambo ambalo mwanamume yeyote atakwambia si jepesi. Na kwao, mama mkwe ni mtu wa kupishwa njia. Humtazami machoni, huketi naye jamvi moja, hata kikombe humpokei mkononi. Nyanya alilipenda hilo, alisema huyu bwana ana adabu kuliko wa kwetu. Kwa hivyo maneno yao yote yalipita kwangu. Walikuwa wakikaa nyumba moja na mimi ndiye waya.

Baba alikuwa makanika. Gereji alikokuwa akifanya kazi ikafungwa, na mwenye gereji, badala ya kumlipa haki yake, akampa mkweche uliokuwa umeoza nyuma ya banda. Kigari cha mgongo wa mviringo, sisi tukakiita Kobe. Baba alisema akipata tu mahali pa kulaza spana, Kobe atatembea, atauzwa, litaingia jingine, na hatatafuta tena mtu wa kumwajiri. Mahali ndipo hapakuwapo. Alimtuma Mama akamwombe Nyanya nafasi uani. Nyanya akasema, "Nimesikia," akaendelea kukunja sambusa.

Siku chache baadaye Nyanya na Mama wakasafiri kwenda Lamu, harusi ya ukoo, na harusi za Lamu hazikuwa na haraka. Mimi nikaachwa na Baba kwa ajili ya shule. Nyanya yu mlangoni, furushi la nguo kichwani mwa mchukuzi, akageuka akaniambia, "Mwambie babako, kabla sijarudi akitengeze kile kiwanda. Mvua yaja."

Maana yake sakafu. Sakafu ya kiwanda ilikuwa imechimbika, maji yakisimama madimbwi, na yeye mwaka uliopita aliteleza akakaa kitandani mwezi mzima. Nililifikisha neno kama lilivyotoka. Sikuongeza, sikupunguza. Baba Kiswahili chake ni cha shule, uwanja ule yeye aliuita ua, na shuleni kiwanda ni mahali watu wanapofanyia kazi. Aliomba mahali, na hili hapa jibu lake. Akaketi barazani, akavua kofia. Kisha akasema, "Nyanyako ni mtu."

Kama kuna siku nilimwona baba yangu akiwa na furaha, ni zile. Kwanza alisawazisha sakafu. Alifukia mashimo yote, akamwaga saruji, akaipiga ubao mpaka ukiviringisha goroli inasimama ilipo. Jeki haikai juu ya sakafu mbovu, alisema. Kwa hiyo kile Nyanya alichotaka alikifanya, tena vizuri. Kisha akachukua chaki akamchora Kobe chini, kabla Kobe hajaletwa. Akajilaza kando ya mchoro, akaniambia nimpige mstari. Akanilaza mimi upande wa pili. "Wajinga hupima gari," alisema. "Pima gari, halafu mtu aliyelala ubavuni, halafu mlango ukiwa wazi, halafu yule anayekuja na chai bila kumkanyaga wa chini." Mwenye chai nilikuwa mimi. Nilizunguka ile michoro na kikombe cheupe mpaka akaridhika.

Misumari na nati aliziweka katika mikebe ya samli, kubwa chini, ndogo juu. Ukutani alipaka chokaa, akatundika spana safu moja kwa ukubwa, na nyuma ya kila spana akachora umbo lake kwa rangi nyeusi, ili ikitoka, nafasi yake iseme nani hayupo. Meza akaigonga kwa mbao za makasha, akaifunga ukutani.

Hakumsahau Nyanya. Hilo nataka ulijue. Pembe ya kisima aliiacha kwa ajili yake, jiko hapa, kinu hapa, mbuzi hapa. Ila alihitaji kipimo cha mtu anayekuna nazi, akaniambia, "Keti kama anavyoketi." Nikaketi juu ya mbuzi, nikatanua magoti kama nimwonavyo, naye akanizungushia chaki.

Mahamali walimleta Kobe juu ya mkokoteni kutoka Makadara, bila injini, bila magurudumu, wakamlaza ubavu kupita kichochoroni, wakiimba na kutukana kwa zamu. Jirani wa juu, mama mmoja ambaye dirisha lake lilitazama kiwandani kwetu na redio yake haikuzimwa, akainama. "Baba," akaita, "huyo kobe atataga lini?"

"Akitaga, mama, yai la kwanza lako," Baba akajibu. Nilikuwa sijawahi kumsikia akifanya mzaha na mtu wa Mji wa Kale.

Nyanya aliporudi aliingia kwa mlango wa nyuma, buibui bado lina vumbi la safari. Akasimama. Baba naye akasimama upande wa pili wa gari, macho chini, mikono nyuma. Mimi katikati.

"Mwambie babako, nilimwambia atengeze kiwanda."

"Mwambie nyanyako, nimekitengeza."

"Mwulize, kiko wapi?"

"Mwambie, amesimama ndani yake."

"Mwulize, kiwanda ndicho hiki?"

"Mwambie, naam, kiwanda ndicho hiki."

Kutoka juu jirani akashindwa kujizuia. "Jamani! Watu wako hatua mbili na wamemfanya mtoto posta!"

Mama akauma kidole. Yeye pekee alielewa papo hapo kilichotokea. Akamweleza mamake, akamweleza mumewe. Nyanya akaisugua sakafu kwa kiatu. "Sakafu nzuri," akasema. Kisha akaenda pembe yake, akaketi juu ya mbuzi, akachukua nazi, na goti lake likagonga mguu wa meza. Akajisogeza. Likagonga tena. Akaitazama ile chaki iliyomzunguka, na yeye amemwagika nje yake pande zote, akaniuliza mimi, "Hapa alimpima nani?"

"Mimi, Nyanya."

"Ah."

Alijaribu. Asubuhi kadhaa alikuna nazi upande upande, kama mtu aliyekalia mizigo ya watu. Harufu ya petroli ya kuoshea vyuma ikaingia kwenye unga. Wateja wetu hawakuwa watu wa kuficha. "Bibi, haya ya leo niyale au niyatie kwenye pikipiki?" mmoja akauliza, wote wakacheka, na kesho yake mabakuli mlangoni yakapungua. Baba naye huku Kobe ameshaanza kukohoa. Injini ilikuwa mahali pake. Alihitaji muda kidogo tu. Kila mmoja alihitaji kiwanda kile kile ili nyumba ile ile ipate kula.

Lilikuwa jambo la kusogeza meza. Sasa mimi nimepanga gereji ngapi, najua lilikuwa jambo la asubuhi moja. Lakini kusogeza meza kulitaka kipimo cha Nyanya, na Baba hawezi kumtazama mama mkwe wake magoti yametanuka, seuze kumzungushia chaki. Akakata kamba, akanipa. "Mpime wewe. Goti hadi goti. Mwambie naomba radhi."

Nilimkuta Nyanya anachambua mchele. Akaiona kamba mkononi mwangu, akaweka ungo chini.

"Ya nini hiyo?"

"Baba amesema nikupime."

"Kwa kamba?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Anayepimwa kwa kamba ni maiti, wakamchimbie. Mwambie mimi bado natembea." Halafu sauti ikashuka. "Mwambie akitaka kunipima, aje mwenyewe. Nitaketi."

Nikarudi nikasema. Baba akaizungusha ile kamba kidoleni, akaifungua, akaizungusha. "Hilo haliwezekani," akasema. Hakukasirika. Nadhani hata Nyanya hakukasirika. Yule alikuwa amefungua mlango kwa desturi za kwake, kwamba mkwe ni mwana, na Baba aliuona ule mlango ukifungwa kwa desturi za kwao. Na mimi waya, nimeshapeleka kila neno.

Ijumaa baada ya sala Baba alimtoa Kobe injini. Mahamali wale wale, mkokoteni ule ule, safari hii bila nyimbo. Aliziondoa spana ukutani moja moja, akazifunga katika gunia. Alisema atapata kiwanja Likoni, amweke Kobe huko, kisha tutaona. Nilimsindikiza mpaka Feri. Alinunua mihogo ya kukaanga, tukala tukisubiri. Aliposhuka na mkokoteni aligeuka akaniita, "Chai yako ilikuwa haimwagiki." Ndiyo yote.

Kwanza alikuja kila Ijumaa. Halafu Ijumaa moja moja. Halafu tukasikia ameoa huko ng'ambo, Likoni. Mama aliendelea kuanika nguo, na kamba ya nguo sasa ilikuwa na nafasi. Mwaka ule niliacha shule, kwa kuwa mikono ilihitajika karaini, na nilipokuwa na nguvu za kutosha nikavuka Feri mimi mwenyewe, nikajifunza injini kwake. Alinifundisha bila maneno mengi. Habari za Nyanya hakuuliza, nami sikupeleka. Nilikuwa nimestaafu posta. Alipofariki, nilichelewa maziko. Nikafika, nikapanga spana zake kwa ukubwa, nikarudi.

Nyanya alitangulia kabla yake. Wanawake tulimwosha, na shangazi mmoja akanipa kamba, akasema mpime, wanaume wanasubiri kuchimba. Nikampima, utosi hadi kisigino, nikakata. Nilitazamia kulia pale. Sikulia. Niliwaza tu kwamba urefu nimeupata, na urefu hakuna aliyeuomba.

Nyumba imeuzwa. Sasa ni ya wageni, wana vitanda vya nakshi na vyetezo vya udi vya mapambo. Nilipita mwaka huu na mwenyewe akaniruhusu kuingia. Kisima wamekifunika kwa kioo. Kwenye kiwanda wameweka meza za chai, na ukutani chokaa imebanduka kidogo, zile spana nyeusi zinachungulia, kubwa hadi ndogo. Alidhani ni mapambo ya kale. Aliniuliza ni maandishi gani. Nikamwambia ni ya kwetu. Watu wale wa mabakuli sijui wamekwenda wapi. Mahamri sasa nanunua, na tui naletewa kwenye pakiti. Hata hilo neno, nikisema kiwanda, watoto wa binamu zangu wananiuliza kinatengeneza nini.

Basi fundi alipomaliza mistari yangu ya kulala nikamwambia bado. Nikaenda ndani nikaleta mbuzi ya Nyanya, ambayo haijakuna nazi siku nyingi, nikaiweka pembeni mwa kiwanja, nikaketi, nikatanua magoti. Mwili wake nimeurithi, hilo kila mtu ananiambia. "Zungusha chaki hapa," nikamwambia.

Kijana akaitazama ile chaki, akatazama chini. "Mama," akasema, "mimi siwezi. Wewe ni kama mama yangu."

Nikamwomba chaki, nikajizungushia mwenyewe. Mkono haukufika vizuri kwa nyuma, ila kwenye magoti, kulikokuwa na shida, mstari ulikaa. Akaniuliza hapo pawekwe nini, kompresa au tairi. Nikamwambia pasiwekwe kitu, na meza ianzie hapo.